Mbinja Nyuma ya Goli

Tulipofungwa goli la tatu na timu ya Msambweni, Boga alivua kofia yake akaikanyaga. Halafu akaiokota, akaipangusa vumbi na kuivaa tena, kwa sababu kofia ile alipewa na mkwewe na nyumbani angeulizwa. Hivyo ndivyo walivyo mashabiki wa timu yetu, Nguru. Hasira zao ni za kweli, lakini huwa zina breki.

Baada ya mechi wakaja kwangu kama kawaida yao. Banda langu liko kando ya uwanja wa Bongwe, upande wa barabara. Nauza chai ya tangawizi, mahamri na mbaazi, na viazi vya karai kwa wale wasioweza kungoja. Wakishinda huja kusherehekea, wakishindwa huja kuomboleza, na mimi nauza kotekote. Msimu huu nimewauzia waombolezaji tu.

"Jethro aende," alisema Boga kabla hajakaa. Boga ni mwenyekiti wa mashabiki, dereva wa bodaboda, na mtu ambaye sijapata kumsikia akisema neno kwa sauti ya chini. "Aende leo hii. Asilale na ile jezi."

"Aende, sawa. Aje kocha gani?" aliuliza Feisal. Huyu yuko mapokezi katika hoteli moja ya Diani, na huzungumza na kila mtu kana kwamba anamkabidhi ufunguo wa chumba.

"Aje Tembo wa Kikoneni."

"Tembo! Bwana, Tembo mafunzo yake ni kuupiga mpira mbele na kumwachia Mungu."

"Na Mungu si bora kuliko Jethro?"

"Astaghfirullah, Boga. Chunga ulimi."

"Nimechunga ulimi msimu mzima! Nimechunga ulimi mpaka tumekuwa wa mwisho!"

Duncan alicheka. Huyu ni fundi wa simu, kwao Nakuru. Alikuja pwani kutembea, akaoa Ukunda, na bara hakurudi tena. "Mimi nasema Kache," alisema. "Yule madam wa shule ya wasichana. Timu yake inapiga pasi, buda. Hao madem wakishika ball huipati mpaka wachoke wenyewe."

"Mwanamke atufundishe Nguru?" Boga aliuliza.

"Mwanamke anakulisha hapa kila mechi," nilimwambia, "na sijakusikia ukilalamika juu ya mbaazi."

Wakacheka wote, hata Boga. Nikadhani basi, yamekwisha, watabishana mpaka adhana ya magharibi kisha kila mtu ashike njia yake. Lakini Boga akaweka kikombe chini na kuangalia uwanja, upande wa mikanju, ile mikorosho iliyo nyuma ya goli.

"Tusidanganyane," alisema. "Leo mmeisikia tena. Kila mtu ameisikia. Mbinja ile imepigwa, mabeki wetu wamepanda, nyuma kukabaki wazi, tukafungwa. Na mara ile nyingine ilikuwa hivyo hivyo. Jethro hatakiwi, jamani. Hatakiwi na mwenyewe. Mimi naona marehemu kocha hajaridhika na..."

Feisal aliangalia miguu yake.

Neno lile, marehemu, hakuna mtu aliyekuwa amelitamka mbele yangu. Walikuwa wakisema "kocha," wakisema "Othman," wakisema "mwenyewe." Hilo walikuwa wakilizunguka kama watu wanavyozunguka kisima kisicho na kifuniko. Nilikuwa nimeshika birika. Nililimimina lote chini, mbele ya viatu vyao.

"Chai imekwisha," nikasema. "Nendeni makwenu."

*

Othman ni mume wangu. Nguru aliianzisha yeye, na watoto aliowafundisha leo ni vijana wenye ndevu.

Alikwenda Kona ya Musa asubuhi moja kuchukua mipira iliyokuwa ikishonwa kwa fundi viatu. Fundi anasema gari lisilo na namba lilisimama, wakashuka wanaume, wakamwita kwa jina. Akaitika kwa adabu yake ile ile, akaingia nao garini. Mipira ilibaki kando ya barabara, na Boga ndiye aliyeniletea kwa pikipiki. Mipira ilirudi nyumbani, mwenyewe hakurudi. Nimekwenda kila ofisi yenye benchi la kungojea. Kila nilipouliza nimeambiwa hayupo, hajulikani, hapa hakuna mtu wa jina hilo. Kosa lake sijaambiwa mpaka leo.

Mtu akifa ana mambo yake. Huoshwa, husaliwa, huzikwa, na wanawake huja kukaa nawe matangani. Unakaa eda, siku zake zikitimia unatoka. Mtu aliyechukuliwa hana hata moja katika hayo. Huna kaburi la kwenda kusimama, na watu wakija kwako hawajui waseme nini, kwa hiyo wanakuuliza bei ya nyanya. Kadhi aliniambia kwa upole kwamba siku nitakayokuwa tayari niende, itazamwe sheria inasemaje juu ya mume aliyepotea. Nikamshukuru. Sikwenda.

Na Nguru nao walifanya kama mimi. Hawakuteua kocha. Walimwomba Jethro, aliyekuwa msaidizi wake, ashike timu mpaka Othman arudi. Jethro ni mtu wa bara, Mkristo mnyamavu, kazi yake kulinda bwawa la kuogelea hotelini watoto wa wageni wasizame. Kila mechi, kiti cha plastiki cha Othman, kile cha buluu, kilitolewa stoo kikawekwa kando ya mstari, na hakuna aliyekikalia. Jethro alikaa juu ya kreti la soda. Nilikuwa nikimwona pale na kuridhika. Nilitaka akae juu ya kreti.

Sasa niwaambie habari ya mbinja. Othman ana sauti ndogo. Koo lilimharibikia utotoni, na kupiga kelele hawezi. Kwa hiyo uwanjani alikuwa akitia vidole viwili mdomoni na kupiga mbinja, na kila mbinja ilikuwa na maana yake. Moja ndefu, rudini nyuma. Mbili fupi na moja ndefu, mabeki wa pembeni wapande. Ile ndefu alikuwa akiimalizia kwa kuinua sauti kidogo, kama mtu anayeuliza swali. Wale vijana wameisikia tangu hawajabaleghe. Haipiti hata kichwani, inakwenda moja kwa moja miguuni.

Msimu huu ilirudi. Mechi ya kwanza ya nyumbani, tulikuwa tunaongoza, ikapigwa kutoka kwenye mikanju, mbili fupi na moja ndefu, na ule mwisho wake unaouliza. Mabeki wakapanda. Jethro hakuwa ametoa amri yoyote. Tukafungwa pale pale, na uwanja mzima ukageuka kutazama mikanju. Hapakuwa na mtu. Baada ya hapo ikawa kila mechi ya nyumbani. Wengine walisema ni pepo. Ustadhi alikuja kuusomea uwanja dua, na kina mama wakawaondoa watoto wao katika timu ya wadogo. Boga akashikilia kwamba Othman hataki mtu mwingine ashike timu yake.

Mimi sikuogopa. Mimi nilifurahi, na nasema hivyo bila haya. Nilijua mume wangu yu hai. Amewatoroka, niliwaza, amejificha porini huko, nyumbani hawezi kuja kwa sababu nyumba inaangaliwa, na jinsi ya kuniambia ni ile sauti moja aliyopewa na Mungu. Kila ilipopigwa niliacha karai likiungua, nikainamisha kichwa upande mmoja, nipate kuisikia hadi mwisho.

Kisha nikaanza kumpelekea chakula. Wali wa nazi, samaki wa kupaka, pilipili kando kama apendavyo. Nilikitia katika sahani ya bati, nikakifunika kwa kawa alilonisukia mama yangu, nikakiweka chini ya mkanju wa mwisho wakati wanaume wako msikitini adhuhuri. Kesho yake nilikuta sahani tupu, imesuuzwa, na kawa limewekwa juu yake vizuri. Tumbili ni wengi pale, nalijua hilo. Lakini tumbili hawasuuzi sahani. Nilirudi nyumbani nikiimba.

*

Siku iliyofuata lile neno la Boga nilipika mapema kuliko kawaida. Mkutano wa mashabiki ulikuwa umeitishwa Jumapili, kumwondoa Jethro na kumchagua mwingine, safari hii kocha kamili na si wa kushikilia. Nilitaka kumwambia Othman ajitokeze. Nilitaka kumwambia, watu wako wamekwisha kukuzika kwa midomo yao, toka wakuone.

Chini ya mkanju nilimkuta Jethro. Alikuwa amechuchumaa, ana chupa ya maji mkononi, anasuuza sahani yangu ya jana. Wali ulikuwa umetapakaa kwenye majani, na kawa lilikuwa limetupwa kule kwenye magugu.

"Unafanya nini na sahani yangu?" nilimuuliza.

Alisimama. Kabla hajanijibu mbinja ikapigwa, juu ya vichwa vyetu kabisa, mbili fupi na moja ndefu. Nikaita, "Othman!" kwa sauti ambayo sikujua kwamba ninayo.

Jethro hakushtuka. Hilo ndilo lililonivunja. Anayesikia sauti ya mtu aliyepotea hushtuka, lakini yeye aliinua macho tu, polepole, kama mtu anayetazama saa ukutani. Nikafuata macho yake. Kwenye tawi kavu alikuwa amekaa mlamba, yule ndege mweusi mwenye mkia wa panda. Alifungua mdomo akalia kama paka. Kisha akaita kama kuku mwenye vifaranga. Kisha akapiga mbinja ya mume wangu, mpaka ule mwisho wake unaouliza, bila kukosea.

Nilikaa chini.

"Tangu lini umejua?" nilisema.

"Tangu ile mechi ya kwanza, Mama Hadiya. Jioni yake nilikuja kutafuta mtu. Nikapata huyu." Alikuwa akizungusha ile chupa mikononi. "Kocha amefundisha hapa miaka yote. Huyu amekua akimsikia."

"Na sahani?"

"Ni tumbili. Wanamwaga, wanapigana. Mimi nikienda kazini napitia hapa, naokota, nasuuza, nafunika. Niliona ukikuta imetupwa utaumia."

"Uliniacha niwapikie tumbili!"

Nilinyanyuka, nikaokota kawa kwenye magugu nikampiga nalo. Nilimpiga begani na kifuani, kwa nguvu zangu zote, mpaka ukindu ukaanza kufumuka. Hakujikinga. Alisimama tu kama mtu anayenyeshewa na hana pa kwenda.

"Wanakufukuza Jumapili," nilimwambia nilipochoka. "Unafungwa kwa sababu ya ndege, unatukanwa kwa sababu ya ndege. Manati moja tu ingetosha! Kwa nini hukumuua?"

"Nilikuja na manati," alisema. "Wiki ile ile. Nikamlenga, nikavuta. Halafu nikakumbuka vile nilikuona siku ya mechi. Watu wote walikuwa wanaogopa, na wewe ulikuwa pale kwa banda umeinamisha kichwa, unacheka peke yako. Sikuwa nimekuona ukicheka tangu kocha achukuliwe. Nikasema, wacha tufungwe."

Nililia. Sikulia siku mipira ilipoletwa, wala katika zile ofisi, kwa sababu kulia kulikuwa ni kukubali. Nililia kwa ajili ya ndege. Jethro alisogea mbali, akanipa mgongo, apitaye asije akasema neno, akangoja mpaka nilipomaliza. Halafu akanipa lile kawa, akaenda zake.

*

Nilifikiri kunyamaza. Hilo lazima niliseme. Nikinyamaza, Jethro ataondoka, Tembo au Kache atakuja, atafungwa naye, ataondoka. Lakini mimi nitabaki na mume wangu mkanjuni. Nilijiuliza hata mlamba huishi miaka mingapi. Kumwokoa Jethro kulitaka nitamke kwa kinywa changu, mbele ya Bongwe nzima, kwamba mle mikanjuni hamna mtu. Na nikishalitamka hilo, usiku nitasikiliza nini?

Jumapili wakaja. Boga alitangulia peke yake, kofia mkononi.

"Shemeji," alisema, na kwa mara ya kwanza maishani mwake alisema polepole, "juzi ulimi wangu uliteleza. Nisamehe."

"Kaa, unywe chai," nilimwambia. Sikuweza kumwambia zaidi.

Banda lilijaa mpaka nje. Jethro naye alikuja, akasimama nyuma ya wote. Feisal alieleza kwa ufundi wake kwamba mechi inayokuja tukifungwa tunashuka daraja, na timu za Bongwe zikishuka huwa hazipandi, huvunjika. Kwa hiyo lazima tupate kocha siku ile.

"Nimeongea na Kache," alisema Duncan. "Amekataa. Anasema hawezi kuacha wasichana wake akuje kwa timu inafundishwa na mzimu."

"Basi ni Tembo," alisema Boga.

"Tembo ametaka nini?"

"Ametaka kuku mweusi achinjwe nyuma ya lile goli kabla hajakanyaga hapa."

"Unaona!" Feisal alipiga meza. "Hata hajaanza kazi na ameshashindwa na mikanju. Jamani, timu haiwezi kuwa na makocha wawili, mmoja anaonekana na mwingine haonekani. Tutabadilisha huyu anayeonekana mpaka lini?"

"Mpaka tupate atakayemridhisha asiyeonekana."

"Atamridhishaje? Tutamuuliza wapi?"

"Jethro mwenyewe aseme," mtu akasema kutoka nyuma. "Jethro, una la kusema?"

Wote wakageuka. Jethro aliniangalia mimi, kidogo tu, kisha akaangalia chini. "Sina," alisema. "Nitaheshimu mtakachoamua."

"Haya," alisema Boga. "Wanaotaka Jethro aende, wainue mikono."

Mikono ikaanza kuinuka. Nikaweka upawa chini, nikatoka nje ya banda nikiwa bado na aproni yangu ya unga.

"Shusheni mikono," nilisema. "Nifuateni."

Tulivuka uwanja mchana kweupe, mimi mbele, nyuma yangu umati mzima, watu wazima wanaotembea kwa kunyata kama wanaingia nyumba ya mgonjwa. Chini ya mkanju nilisimama. Mlamba alikuwa juu ya tawi lake, kimya. Tukangoja. Alijikuna bawa. Tukangoja tena, na nikaanza kuona katika nyuso zao ile huruma niliyoichoka, huruma ya watu wanaomtazama mwanamke ambaye akili imemtoka kidogo.

Kwetu mwanamke hapigi mbinja. Bibi yangu alikuwa akisema mwanamke apigaye mbinja anaita asivyoviweza. Lakini Othman alinifundisha tulipokuwa wachumba, nyuma ya nyumba ya shangazi yake, tukicheka, nami nikamwapia kwamba sitampigia mwingine. Nilitia vidole viwili mdomoni. Nikapiga mbili fupi na moja ndefu, na ile ndefu nikaimaliza kwa kuiinua.

Ndege akajibu. Alijibu sawasawa, pale pale, mbele ya macho yao, mdomo wazi. Kisha akalia kama paka.

Hakuna aliyecheka. Boga alikaa juu ya mzizi, akajifunika uso kwa ile kofia ya mkwewe.

"Huyo ndiye aliyekuwa akiwafungisha," nilisema. "Kajifunza kwa mume wangu. Mume wangu hayumo humu, na hajapata kuwamo tangu siku ile. Jethro alijua tangu mwanzo. Alinyamaza kwa ajili yangu, akakubali mumwite kila jina mlilomwita. Sasa inueni mikono yenu."

Hakuna mkono ulioinuka. Baada ya muda mtu mmoja aliokota jiwe, akamlenga ndege. Jethro akamshika mkono.

"Mwache," alisema. "Ndege si mchezaji wangu. Wachezaji ndio wangu. Tutabadilisha ishara."

"Kwa hivyo tulikuwa karibu kufuta kocha, tubaki na ndege," alisema Duncan, na hapo ndipo watu wakacheka, kicheko cha watu waliokuwa wameogopa muda mrefu.

*

Jethro aliwafundisha upya kwa taulo. Taulo jeupe la bwawani, likiinuliwa mkono wa kulia, beki wa kulia apande, likiwa begani, kila mtu abaki mahali pake. Wiki nzima niliwaona wakifanya mazoezi na ndege akiwapigia mbinja, na miguu yao ikianza kwenda kisha ikisita. Kijana mmoja alilia. Alisema kuikataa ile sauti ni kama kumkataa kocha mwenyewe. Jethro alimshika shingo, wakazungumza pembeni, wakarudi.

Mimi nilikwenda kwa kadhi. Alinisikiliza, akanieleza yatakayofuata, na kwamba uamuzi ukitoka nitakaa eda yangu kama mjane yeyote. Mama mkwe alikubali. Alisema na yeye amechoka kumbakizia mwanawe chakula. Wanawake wa Bongwe wamekwisha kuniambia watakuja, na safari hii hakuna atakayeniuliza bei ya nyanya. Lakini nilitaka kuiona mechi hii kwanza, kabla sijaingia ndani.

Siku ya mechi Boga alikibeba kile kiti cha buluu toka stoo, akakiweka kando ya mstari. "Kaa, kocha," alimwambia Jethro. Hakusema kaimu. Jethro alikitazama kile kiti, akakiinua, akavuka nacho mpaka bandani, akakiweka mbele yangu.

"Mimi nimezoea kreti," alisema.

Nilikaa. Mguu mmoja wa kiti kile umepinda, kwa sababu Othman alikuwa na tabia ya kuegemea upande wa kushoto akifikiri. Mwili wangu ukaegemea upande ule ule.

Tulifunga goli moja mapema, kisha ikawa kuzuia. Wapinzani walitusukuma mpaka jasho likawatoka waliokaa. Zilipobaki dakika chache, mpira ukiwa kwao na nyuma yetu kukiwa na watu wachache, mbinja ikapigwa kutoka mikanjuni. Mbili fupi na moja ndefu. Uwanja mzima uliisikia. Nilimwona beki wetu wa kulia akivuta pumzi. Aliangalia upande wa Jethro. Taulo lilikuwa begani. Akabaki mahali pake, na mpira ulipokuja ulimkuta pale, akauondoa mpaka barabarani.

Boga alipiga yowe, akaitupa kofia juu kabisa. Mashabiki wote walikuwa wakiruka, macho yao kwenye mpira, wakimwimba Jethro. Hakuna hata mmoja aliyegeuka kutazama mikanju. Niligeuka mimi peke yangu, nikainamisha kichwa, nipate kuisikia hadi mwisho.